Beringi ya Upande wa Mama Najiat

Nikiri mapema kabla hamjanisuta: hadithi hii niliwahi kuisimulia vibaya. Ilikuwa harusini, mtaani kwetu Ng'ambo, mshereheshaji kachelewa, nikapewa maikrofoni niwachangamshe watu. Nikasema gurudumu lililokuwa linalia kwenye Datsun ya Fundi Majidi ni la kulia. Kumbe Fundi Majidi mwenyewe alikuwa ameketi safu ya nyuma. Aliweka sahani chini, akaja mpaka mbele, akachukua maikrofoni mkononi mwangu, akasema, "La kushoto." Akanirudishia, akaenda kumalizia pilau lake. Fundi Majidi hakosi harusi ya mtu.

Alikuwa na haki ya kunisahihisha. Kulia anakaa dereva. Kushoto alikuwa anakaa Mama Najiat, mkewe, ambaye wakati mambo haya yanatokea alikuwa anakaribia miaka mitatu tangu azikwe.

Basi tuanze upya, na safari hii upande wenyewe.

Gereji ya Fundi Majidi ni kibanda cha mabati na kiwanja cha magari manne, matano kama yakipendana. Jirani yake ni Sylvester, mchomeleaji wa mageti. Kwenye kona ya kiwanja ilikuwa imeegeshwa Datsun 120Y ya mwaka sabini na sita, rangi ya maziwa, ambayo fundi aliirithi kwa baba yake. Mbele upande wa kushoto ilikuwa imepigwa jeki, na pembeni ya jeki limewekwa gogo la mninga, maana fundi mwenye akili zake haiamini jeki. Magari ya watu yaliingia asubuhi na kutoka jioni. Ya kwake ilikaa juu ya jeki karibu miaka mitatu, inabadilishwa beringi.

Kwa asiyejua: gurudumu la mbele la gari kama lile linazungukia beringi mbili, kubwa ya ndani na ndogo ya nje. Unatoa tairi. Unafungua breki, unaitundika kwa waya isining'inie kwenye mpira wake wa mafuta. Unang'oa kifuniko kidogo cha grisi, unanyoosha kotapini, kile kipini kinachozuia nati isilegee, unaichomoa, unafungua nati, na habu yote, yaani kitovu cha gurudumu, inakujia mikononi kama mtoto anayepokelewa. Unagonga bangili za zamani zinazobeba beringi zitoke, unapigilia mpya, unasindilia grisi kwa kiganja mpaka itokeze upande wa pili wa gololi. Hayo yote hata mlevi anayaweza. Ufundi uko kwenye nati ya mwisho. Unaikaza huku unazungusha gurudumu mpaka liwe zito, halafu unairudisha kidogo, upana wa ukucha hivi, mpaka gurudumu lizunguke lenyewe bila kutikisika. Ukiiacha imekazwa, beringi inaungua kabla hujafika Isikizya. Ukiilegeza mno, gurudumu linacheza ngoma.

"Nati ya mbele haikazwi," Fundi Majidi alikuwa akiwaambia wateja. "Inabembelezwa."

Watu walimletea magari kutoka Kaliua ili awabembelezee nati. Kazi nzima ilimchukua saa moja na nusu, na humo alikuwa ameshakunywa chai.

Kila siku baada ya sala ya alasiri Mama Najiat alikuja. Alitokea upande wa makaburini, akapita kwa wauza dagaa akikwepa madimbwi, kajifunga kanga mbili, kikapu mkononi. Mlango wa kushoto wa Datsun haufunguki mpaka uunyanyue kidogo; aliunyanyua, akafungua, akakaa, akapakata kikapu. Siku ya kwanza, wiki moja baada ya arobaini yake, Sylvester alizima mashine ya kuchomelea na kuvua miwani.

"Pole na safari, mama."

"Nimeshapoa, baba. Habari za watoto?"

"Hawajambo. Mmoja ana surua."

"Mpe maji mengi."

Sylvester akavaa miwani, akaendelea na geti lake.

Mama Najiat akishakaa tu, gurudumu la kushoto lilianza kulia. Lilikuwa na sauti ile nzito ya beringi iliyokwisha, kama mtu anayevuma na mdomo umefungwa. Lililia hata gari likiwa limesimama, tairi iko hewani, hakuna kinachozunguka. Fundi Majidi alisikiliza, akatikisa kichwa kifundi, akachukua spana.

"Nikimaliza hii tunaondoka," alimwambia.

"Sina haraka," alisema Mama Najiat. "Kwa sasa."

Safari yenyewe ilikuwa ya Ziba, kwa binti yao.

Najiat alikuwa mtoto wao wa pekee. Ndiye aliyekuwa akimpelekea baba yake chakula cha mchana gereji. Mwaka mmoja akaja kijana wa Ziba anaitwa Luhende, mfugaji, na pikapu iliyokufa njiani. Kipuri kikawa kinangojwa kutoka Dar, siku nne. Fundi Majidi, ambaye hajawahi kumwacha mteja na njaa, alimwambia bintiye aongeze sahani. Kwa hiyo ukitafuta nani aliwakutanisha, ni yeye. Luhende ni Mkatoliki. Walipokuja kusema wanataka kuoana, fundi alijibu kwamba pikapu imeshapona, mwenyewe aiondoe. Wakafunga ndoa bomani, wao na mashahidi wawili waliokuwa wamefuata vyeti vya kuzaliwa. Fundi Majidi siku hiyo alikuwa kwenye harusi nyingine, mtaa wa pili, na watu wanasema alikula vizuri.

Mjukuu alipozaliwa, Mama Najiat aliomba apelekwe akamwone.

"Beringi ya mbele inalia," alisema Fundi Majidi. "Gari haliwezi kwenda mbali."

Wakati huo beringi ilikuwa kimya kama msikiti saa nne asubuhi.

"Basi lipo," alisema Mama Najiat.

"Mke wangu hawezi kupakiwa kwenye basi kama gunia na gari liko nyumbani."

Aliomba Idi ile, na Idi iliyofuata, na iliyofuata. Kila mara beringi. Mwaka wa nne akaacha kuomba, akanunua kitambaa, akashona gauni la mtoto kwa kukadiria. Mwaka wa tano akashona kubwa zaidi. Kisha presha ikampanda siku moja akichambua mchele, na kabla ya adhuhuri akawa ameondoka. Alizikwa alasiri ile ile. Simu ya Ziba ilipigwa magharibi, watu wameshanawa mikono. Najiat alifika kesho yake, akashukia makaburini, akakaa mpaka jua likapinda, akapanda basi la kurudi bila kuingia nyumbani.

Mambo hayo yote Ng'ambo wanayajua. Ila namna nati ya Datsun ilivyokuwa inakazwa wanaijua watu wawili tu, na mmoja wao alikuwa marehemu.

Maana Fundi Majidi hakuwa amesahau kazi. Alibadilisha beringi mara saba, mpya kabisa, anazipaka grisi kama anampaka mtoto mafuta. Akifika kwenye nati ya mwisho anaikaza. Anaikaza mpaka gurudumu lisimame, anapiga kotapini, anafunika. Kesho yake anaigusa, anasema imeharibika, anaanza upya. Beringi ikipona, safari ipo. Safari ikiwepo, alasiri inabaki tupu. Nyumbani alikuwa na redio, sufuria moja na kitanda cha sita kwa sita anachokilalia ukingoni. Hapa gereji, kila alasiri alimimina vikombe viwili vya chai, kimoja akakiweka juu ya dashibodi. Mama Najiat hakukigusa. Kikipoa anakimwaga, anakisuuza, wanaagana. Ndiyo maisha, na yalikuwa yanakwenda.

Mama Najiat alimtazama kupitia dirishani akikaza, siku zote hizo. Alikuwa mke wa fundi miaka thelathini. Nati iliyokazwa anaijua kwa sauti.

Jumatatu moja akasema, "Ruhusa yangu inaisha Jumamosi."

Fundi Majidi alikuwa chini ya Corolla ya mwalimu mmoja. Akatoa kichwa.

"Ruhusa ya nini?"

"Ya kuja huku. Nilipewa miaka mitatu."

"Umeomba nyongeza?"

"Nimeomba mara mbili. Wanasema foleni ni ndefu, na mimi hata nilikopewa ruhusa niende sijaenda."

"Sasa Jumamosi inakuwaje?"

"Jua likizama ndiyo basi. Labda niwe nimekaribishwa kwa mtu. Ukikaribishwa hawakufuati, unahesabiwa wa nyumba hiyo."

"Karibu nyumbani, mama."

"Baba Najiat, pale siwezi kukaribishwa. Nilifia pale."

Fundi Majidi akarudisha kichwa chini ya Corolla. Alikaa kule mpaka magharibi, ingawa kazi ya kule ilikuwa imekwisha tangu saa nane.

Jumanne hakugusa Datsun. Jumatano aliigusa, akakaza nati kama kawaida, akapiga kotapini. Alhamisi mvua ilinyesha, Mama Najiat akaja amelowa pindo, na safari hii alipokaa, kiti hakikubonyea. Fundi Majidi aliona. Alimimina chai, akaweka dashibodi, akakaa kwenye tairi kuukuu akakitazama kile kiti ambacho mtu amekikalia na kimebaki vile vile.

"Unapungua," alisema.

"Siku zinapungua."

"Ukienda Ziba utakaa?"

Mama Najiat aliangalia mvua.

Ijumaa baada ya sala alifunga gereji kwa wateja. Akachukua beringi za mara ya nane, za kwenye boksi, alizokuwa amezificha nyuma ya makopo ya rangi. Akafungua habu, akaisafisha kwa mafuta ya taa mpaka ikang'aa, akapigilia bangili mpya kwa tindo la shaba, anagonga huku, anagonga huku, mpaka sauti ya nyundo ilipobadilika akajua zimekaa. Akapaka grisi. Akaweka sili ya kuzuia grisi. Akarudisha habu mahali pake, kisha washa na nati, akafunga tairi. Akaanza kukaza huku anazungusha. Gurudumu likawa zito. Akaendelea kukaza.

"Rudisha kidogo," alisema Mama Najiat dirishani.

Mkono ulibaki kwenye spana.

"Baba Najiat. Rudisha kidogo."

Sylvester, upande wa pili, alikuwa amezima mashine. "Mzee, hata mimi wa mageti nasikia hiyo imekaza," alisema. "Au unataka nikuchomelee kabisa?"

"Chomelea mdomo wako," alisema Fundi Majidi.

Akairudisha. Upana wa ukucha. Akashika tairi juu na chini, akalitikisa; halikucheza. Akalizungusha kwa kidole kimoja, likazunguka, likazunguka, wakalisikiliza wote watatu, na halikulia. Lilizunguka muda mrefu kuliko inavyostahili. Akachomeka kotapini, akaikunja masikio. Jeki ikashushwa. Gogo la mninga lilikuwa limeacha alama ardhini, mraba mkavu, na sisimizi wakaanza kuhama.

"Umeiweza," alisema Mama Najiat, na akashuka kwenda zake.

Jumamosi alikuja saa moja asubuhi, kama msafiri yeyote. Waliondoka na vioo vimeshushwa. Fundi Majidi alikuwa amevaa kanzu, na juu ya kanzu koti, na kwenye mfuko wa koti spana namba kumi na tisa.

Barabara ile ndiyo njia ya misafara ya zamani, na wapagazi bado wanaitumia, hasa asubuhi jua halijakali. Baada ya Isikizya waliwakuta wanatembea ukingoni mwa lami, mmoja mmoja, mizigo kichwani: pembe za ndovu, majora ya kitambaa, shaba. Malori yalipowapigia honi walisogea. Wameshazoea, na madereva pia.

Fundi Majidi alisimamisha gari hapo ili aguse habu, maana beringi mpya lazima uishike njiani uone kama inapata joto. Aliiwekea mgongo wa kiganja. Vuguvugu, kama chai ya mtoto. Alitamani ingekuwa ya moto. Mpagazi mmoja mzee, amepumzisha pembe yake kwenye kibao cha barabara, naye akainama akaigusa.

"Nzuri," alisema. Kisha akamtazama Mama Najiat, kama watu wa kazi moja wanavyotazamana. "Mnakwenda kukaa, au mnarudi?"

"Mimi nakaa," alisema Mama Najiat. "Huyu anarudi."

Mpagazi akaitikia kwa kichwa, akajitwisha, akaendelea. Fundi Majidi alirudi kwenye usukani. Alizungusha ufunguo, gari likakwaruza, maana alisahau kwamba halijazimwa.

Puge waliacha lami, wakashika vumbi. Mama Najiat aliuliza kama bado anakunywa dawa za mgongo, akasema anakunywa. Aliuliza kama bati la jikoni limezibwa. Akasema ataliziba. Gurudumu la kushoto lilizunguka kimya, na katika maisha yake yote ya ufundi hakuwahi kuichukia kazi nzuri namna ile.

Waliingia Ziba saa saba. Nyumba ya Luhende walielekezwa mara moja tu: ya tofali, zizi kulia, mbele imeanikwa alizeti. Najiat alikuwa anaigeuza alizeti kwa reki. Aliiona Datsun ikisimama, akaegemeza reki ukutani, akajifuta mikono kwenye kanga. Alikuwa amenenepa kidogo. Alikuja moja kwa moja upande wa kushoto, akaunyanyua mlango kidogo, akafungua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Umechelewa."

"Beringi," alisema Mama Najiat.

"Naijua hiyo beringi." Akampokea kikapu, akamshika mkono kumshusha, akauangalia ule mkono. "Umekuwa mwepesi. Karibu ndani, mama. Karibu, pita, chakula kiko jikoni."

Mama Najiat alipokanyaga chini, udongo ulibonyea, kama unavyobonyea kwa mtu yeyote.

Najiat alimtazama baba yake juu ya paa la gari. "Shikamoo," alisema, kama anavyoamkiwa mzee yeyote anayepita barabarani.

"Marahaba. Marahaba, mama. Hamjambo hapa?"

Walikuwa wameshageuka. Waliingia, mama mbele, binti nyuma, na pazia la mlangoni likaanguka.

Fundi Majidi alifunga mlango wa kushoto. Alizunguka mpaka mbele ya gari, akagusa habu, kwa mazoea tu. Kutoka nyuma ya zizi akaja mtoto wa kike wa miaka minane, ana kidevu cha Mama Najiat, akasimama mbali kidogo akiangalia taa za Datsun.

"Shikamoo."

"Marahaba. Baba yupo?"

"Yuko mnadani."

"Unaitwa nani wewe?"

Mtoto alifungua mdomo, lakini sauti ya Mama Najiat ikamtangulia kutoka ndani, sauti nzima, haikupungua hata kidogo: "Asnath! Njoo huku bibi akupime, naona nilikadiria vibaya." Mtoto akakimbia. Kwa hiyo jina alilipata hivyo, kama mtu anayesikia la jirani.

Ndani kulikuwa na kucheka. Sufuria ikafunuliwa. Mtu akasema mikono ni mifupi, na mwingine akasema itaongezwa kitambaa, na kicheko kikaanza tena, na humo Fundi Majidi akakitambua cha mkewe, kile cha zamani, cha kabla ya ile Idi ya kwanza.

Alisogea mpaka kwenye ukingo wa alizeti, akasimama asiikanyage.

"Hodi," alisema.

Alisubiri. Kuku walipita.

"Hodi wenyewe."

Mtu mwenye adabu anapiga hodi tatu. Ya tatu isipoitikiwa, anageuka anarudi alikotoka, na halaumu mtu. Fundi Majidi alilelewa vizuri, ndiyo maana alipiga mbili tu, ya tatu akaishikilia. Alirudi kwenye gari, akakaa juu ya boneti, mikono katikati ya magoti. Jua lilikuwa bado juu. Kutoka ndani ikaja harufu ya mboga ya karanga. Wali ukapakuliwa, alihesabu sauti za upawa, sahani tatu. Kivuli cha nyumba kilitembea kikafika kwenye alizeti, kikafika kwenye tairi la kushoto, na hakuna aliyetoka, wala pazia halikusogea, ingawa upepo ulikuwepo.

Alifikiri kitu cha kusema ambacho si hodi, kitu ambacho hakuna nyumba inayomnyima mpita njia. Akasafisha koo.

"Jamani, wa ndani," alisema, si kwa sauti kubwa sana. "Naomba maji ya kunywa. Hata ya jana."